Hamu Bila Kiherehere: Kumwandaa Kijana kwa Mahojiano ya Chuo cha Tiba



Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, vikundi vingi huku Shika Adabu huombwa mchango. Mtoto wa mwenzetu ameitwa kwa mahojiano ya uuguzi au udaktari, anahitaji nauli, picha na nakala za vyeti. Twachanga, twamtakia heri, anapanda feri. Lakini ni mara chache twakaa naye chini tukamwuliza, "Sasa ukifika pale, utasema nini?"

Tuelewe kwanza. Kijana anayepelekwa na serikali kusomea udaktari chuo kikuu hahojiwi. Bodi ya KUCCPS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, hutazama alama za KCSE na kozi alizochagua. Mahojiano yako kwingine: shule nyingi za uuguzi za hospitali za makanisa, vyuo vya kibinafsi kama Chuo Kikuu cha Aga Khan kule Nairobi, wafadhili wa karo, na vyuo vingi vya ng'ambo.

Wahoji wanatafuta nini?

Alama wameshaziona kwenye karatasi. Wanalotaka kujua ni kama huyu atadumu: zamu za usiku, damu, vidonda, mgonjwa mwenye hasira. Kwa hiyo wanatafuta hamu. Na hapo vijana wetu huanguka kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kupoa mno. Eneo letu laitwa Shika Adabu, na adabu tumewafunza kweli: usimkazie mkubwa macho, usijisifu, jibu kwa ufupi. Nyumbani hiyo ni heshima. Lakini macho yakiwa sakafuni, na kila jibu ni "Ndiyo" au "Sijui," mhoji asiyetujua atadhani kijana amelazimishwa kuja. Tusimwambie aache adabu. Tumweleze kwamba kumtazama mtu anayekuuliza, na kumjibu kwa sentensi mbili tatu za kweli, nako ni kumheshimu.

Ya pili ni kiherehere. "Tangu nizaliwe naota udaktari! Nitawaponya Wakenya wote! Chuo hiki hakina mfano!" Akiulizwa kama amewahi kumwuguza mtu, anakwama. Mwingine anamkatiza mhoji, anacheka hata pasipo la kuchekesha. Wahoji wameyasikia hayo asubuhi nzima. Tena wanahofia, maana mgonjwa anahitaji mtu wa kusikiliza kabla ya kusema.

Kiasi ni kipi basi?

Hamu haipimwi kwa sauti. Hupimwa kwa yale ambayo kijana ameshayafanya. Tuseme wameulizwa, "Kwa nini wataka uuguzi?"

Wa kwanza ajibu: "Napenda sana, sana, kusaidia watu."

Wa pili ajibu: "Nyanyangu ana ugonjwa wa sukari. Nikimpeleka kliniki, nilimwona muuguzi akimfunza kukagua miguu kila siku, kidonda kisije kikakua bila yeye kujua. Sasa mimi ndiye ninayemkagua. Nataka kuelewa zaidi."

Huyu wa pili hakupaza sauti wala hakujisifu, lakini hamu yake yaonekana. Wa kwanza huenda ana moyo mzuri vilevile, ila hakuna aliyemwambia kwamba mhoji hawezi kuuona moyo, anaona mfano tu.

Kikundi kifanye nini?

1. Mwulizeni kama anataka. Isiwe mbele ya wazee wote, maana hapo atasema ndiyo tu. Aketi na shangazi au mtu anayemwamini. Kama moyo wake uko kwa ufundi wa umeme, msimlazimishe. Hamu haiazimwi.

2. Mpeni kazi mapema. Wahudumu wa afya ya jamii, wale tunaowaita CHP, walianza kupewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, na kila mmoja hupangiwa nyumba zipatazo 100. Mwombeni kwa heshima, na wenye nyumba wakiridhia, kijana afuatane naye wiki chache. Ila siri za watu azitunze. Hata kwenye mahojiano asitaje jina la mgonjwa.

3. Fanyeni zoezi. Watu watatu wakae mezani, mmoja awe mgeni kwake. Mahojiano mengi huwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwombeni mwalimu asaidie. Asikariri, kwani swali likigeuzwa kidogo atapotea. Vyuo vingine vya ng'ambo humpitisha kijana vyumba kadhaa, kila kimoja dakika chache na swali lake. Mtindo huo ulianzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko hotuba ya kukariri haimsaidii mtu.

4. Awe na swali lake moja, kwa mfano, "Wanafunzi huanza kuingia wodini lini?" Lisiwe jambo lililokwisha andikwa kwenye barua aliyopewa.

5. Siku yenyewe avuke na feri ya mapema. Asalimie, aketi akikaribishwa. Asilolijua aseme, "Hilo silijui, ningependa kujifunza." Akiulizwa linalomtia hofu, asijifanye shujaa. Aseme ukweli, kisha aeleze atakavyojikaza.

Neno la tahadhari: akija mtu kuwaambia nafasi hununuliwa, msitoe hata ndururu. Na kabla ya kulipa karo ya uuguzi, ulizeni kama shule imeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya.

Akikosa, msimlaumu. Mwulizeni ni swali gani lilimshinda, mliandike, na mwenziwe wa mwaka ujao aanzie hapo.

Ya kujadili kikundini

- Ni kijana gani kwetu anayesoma masomo ya sayansi, na nani atazungumza naye?
- Nani kati yetu anaweza kumpeleka kwa mhudumu wa afya?
- Ni tabia zipi tunazowafunza watoto ambazo mgeni aweza kuzielewa vibaya, na tutawaelezaje?