Kumbukumbu ya Seva Inapojaa: Kuchunguza Kache ya Programu ya Wavuti

Wilaya za Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, zinajulikana kwa zao la korosho. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, zikapimwa, zikahifadhiwa ghalani, naye akapewa stakabadhi. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/2008. Vyama vya msingi vya huko viko chini ya chama kikuu cha RUNALI, jina linalotokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Katika misimu ya karibuni minada imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Siku ya mnada kila mkulima anataka kujua jambo moja tu: bei.

Tuchukulie kwamba mtaalamu ametengeneza programu ya wavuti ya kuwasaidia wakulima hao. Programu hiyo ni ya mfano tu. Ina kurasa mbili: ukurasa wa bei ya mnada kwa kila AMCOS, na ukurasa wa stakabadhi za mkulima mmoja mmoja. Seva yake ina kumbukumbu ya GB 4. Kila siku ya mnada, ifikapo mchana, programu inakuwa nzito, kisha inazimika. Mwanafunzi anaulizwa: chanzo ni nini, na utakithibitishaje?

Kwanza tukumbuke kache ni nini. Katika ofisi ya AMCOS karani huandika bei kwa chaki kwenye ubao ulio nje, ili watu mia wasiingie ndani kuuliza swali lilelile. Kache ni ubao huo. Jibu lililokwisha kutafutwa kwenye kanzidata huwekwa kwenye kumbukumbu ya haraka ili anayefuata apewe papo hapo. Kila jibu huhifadhiwa kwa jina lake, linaloitwa ufunguo. Programu mbili zinazotumika sana kwa kazi hii ni Memcached, iliyoanza mwaka 2003, na Redis, iliyoanza mwaka 2009.

Uchunguzi huanza kwa kuhakikisha kwamba tatizo lipo kweli. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, amri ya free -h huonesha kumbukumbu iliyotumika na iliyobaki. Wengi hutazama safu ya free, wakaona namba ndogo, wakashtuka. Linux yenyewe hutumia kumbukumbu isiyo na kazi kuhifadhi nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara programu nyingine inapoihitaji. Safu ya kusoma ni available. Ikiwa hiyo ni kubwa, seva haina njaa ya kumbukumbu na chanzo cha uzito kitafutwe kwingine. Katika mfano wetu tuseme available imebaki MB 90 tu. Hapo tatizo ni la kweli, na Linux ikikosa kabisa nafasi huweza kuua mchakato mmoja ili kuokoa mingine. Ndiyo maana programu inazimika ghafla bila mtu kuigusa.

Hatua inayofuata ni kujua nani anakula. Amri ya top huonesha michakato yote. Ukibonyeza herufi kubwa M, hupangwa kwa ukubwa wa kumbukumbu. Tuseme Redis imeshika karibu GB 3. Hii bado si hukumu, kwa kuwa kache imeumbwa ili itumie kumbukumbu. Linalotakiwa kuulizwa ni kama matumizi hayo yana faida.

Jibu linapatikana kwa amri ya INFO ya Redis, yenye hesabu mbili muhimu: keyspace_hits, yaani mara ambazo jibu lilikutwa kwenye kache, na keyspace_misses, yaani mara ambazo halikukutwa. Tuseme hits ni 3,000 na misses ni 147,000.

Kiwango cha mafanikio = 3,000 ÷ (3,000 + 147,000) = 0.02, yaani asilimia 2.

Kache hii inakula GB 3 na kusaidia watu 2 katika kila 100. Ni ubao uliojaa maandishi ambayo hakuna anayeyasoma. Sasa tazama funguo zenyewe. Kwa uchunguzi huu tumia SCAN badala ya KEYS, kwa sababu KEYS husimamisha Redis nzima hadi imalize kuorodhesha. Tuseme funguo za ukurasa wa bei zinaonekana hivi: bei:amcos7:simu-ya-mkulima:saa-dakika-sekunde.

Hapa ndipo kosa lilipo. Bei ya AMCOS moja ni ileile kwa kila mkulima, lakini kwa kuwa ufunguo una namba ya simu na sekunde, kila anayeuliza anatengenezewa jibu jipya. Ni kama karani amwandikie kila mtu karatasi yake na kuigandisha ukutani. Ikiwa kila jibu lina KB 20:

147,000 × KB 20 = KB 2,940,000, karibu GB 2.9.

Ufunguo ukibaki bei:amcos7 pekee, na tukichukulia vyama 100:

100 × KB 20 = KB 2,000, yaani MB 2.

Mtahiniwa anayeandika "waongeze kumbukumbu ya seva" atapata alama chache. GB 4 zaidi zitajaa vilevile, mnada mmoja baadaye.

Marekebisho yanahitaji uangalifu, kwani kurasa mbili hazifanani. Kwenye ukurasa wa bei, simu na sekunde ziondolewe. Kwenye ukurasa wa stakabadhi, kitambulisho cha mkulima lazima kibaki ndani ya ufunguo. Kikiondolewa, mkulima wa Nachingwea ataoneshwa kilo za jirani yake. Kila jibu pia lipewe muda wa kuishi. Kwa bei, sekunde 60 zinatosha; ikiachwa siku nzima, mtu ataona bei ya mnada uliopita na kupanga ada ya shule kwa fedha ambazo hatazipata.

Kisha iwekwe kikomo. Katika seva za kawaida za biti 64 Redis haina kikomo mpaka uweke maxmemory. Ukiweka kikomo bila kubadili sera yake ya awali, noeviction, kache ikijaa itakataa kuandika. Sera ya allkeys-lru huondoa yale ambayo hayajatumika kwa muda mrefu zaidi.

Kufuta kache yote kwa mkupuo saa ya mnada si dawa. Maombi yote yataikimbilia kanzidata kwa wakati mmoja, nayo inaweza kuanguka kabla ya kache kujaa tena.

Swali la mazoezi: Baada ya marekebisho hayo, idadi ya funguo na matumizi ya Redis hayabadiliki, lakini mchakato wa programu ya wavuti yenyewe unaongezeka kumbukumbu kila saa na haushuki hata usiku. Je, kache ya Redis ndiyo chanzo?

Jibu: Hapana. Kache yenye kikomo hupanda kisha hutulia, na hapa Redis imetulia. Kinachopanda bila kushuka ni mchakato mwingine, na dalili hiyo huelekeza kwenye uvujaji wa kumbukumbu: programu inashikilia vitu ilivyokwisha kuvitumia, kwa mfano orodha ya maombi inayoongezwa bila kupunguzwa. Uchunguzi uhamie kwenye msimbo wa programu.