Fahamu: Tahadhari za sindano za kupunguza uzito
Semaglutidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, hupunguza hamu ya kula na kuchelewesha chakula kutoka tumboni. Ndiyo maana wengi hulalamikia kichefuchefu, kutapika na kufunga choo. Wegovy huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, kisha dozi hupandishwa taratibu. Kuruka hatua ili upungue haraka ni kujitafutia balaa. Maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, hasa yakifika mgongoni, huenda ni kongosho limevimba: wahi hospitali. Anayepanga kubeba mimba aache dawa angalau miezi 2 kabla.

Na sindano zinazouzwa mtandaoni? Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu Ozempic bandia zilizobainika Brazil, Uingereza na Marekani. Nunua kwenye famasi iliyosajiliwa, kwa cheti cha daktari.