Pazia la Moto: Lisipojaribiwa ni Pambo Tu

Wengi wetu tunalijua pazia la jukwaani kama kitambaa cha kuwaficha waigizaji wakibadilisha nguo. Lakini katika majumba makubwa ya maonyesho kuna pazia jingine, zito, la chuma au la nyuzi zisizoshika moto. Kazi yake ni moja tu: moto ukizuka jukwaani, lishuke upesi liutenge na watazamaji.

Je, linashukaje? Chukua mfano wa ndoo ya kisimani inayovutwa kwa kamba na kapi. Pazia huning'inia kwa kamba za chuma zinazopita juu ya makapi, na upande wa pili huwekwa vyuma vizito vya kulisawazisha. Hata hivyo, pazia huachwa liwe zito kidogo kuliko vyuma hivyo. Kinacholizuia lisishuke ni breki iliyoshikwa na kamba nyembamba inayozunguka jukwaa. Katika kamba hiyo mna viungo vya madini vinavyoyeyuka kwa urahisi, kama ile risasi ya fundi wa redio. Aghalabu huyeyuka joto likifika nyuzi 74 hivi za selsiasi. Kiungo kikiyeyuka, kamba hulegea, breki huachia na pazia hushuka lenyewe. Hata stima ikipotea, litashuka tu! Tena mfanyakazi akiuona moto mapema hangoji joto: huvuta wenzo ulio kando ya jukwaa. Kwa kawaida pazia hutakiwa lifike chini kabla ya sekunde 30 kwisha, likipunguza mwendo karibu na sakafu lisije likamponda mtu.

Sasa basi, kuwa na pazia ni jambo moja na kulitunza ni jambo jingine. Mnamo tarehe 30 Desemba 1903, jumba la Iroquois mjini Chicago, Marekani, lilishika moto katikati ya mchezo. Jumba lilikuwa jipya, halijamaliza hata miezi miwili, na lilitangazwa eti haliwezi kuungua. Pazia liliteremshwa, likakwama njiani. Milango mingine ilikuwa imefungwa. Watu 602 walikufa, wengi wao wakiwa akina mama na watoto. Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndiyo maana pazia hukaguliwa mara kwa mara. Mkaguzi hutazama mambo haya:

1. Njia ya pazia iwe wazi. Meza, taa au mbao za mandhari zisiwekwe pale linapotua.
2. Kamba zisiwe zimechakaa wala kushika kutu, na makapi yazunguke bila kukwama.
3. Viungo vya kuyeyuka visipakwe rangi, kwani rangi huchelewesha joto. Wala visifungwe kwa waya, maana waya hauyeyuki!
4. Wenzo ufikike upesi, na kila mfanyakazi ajue ulipo.
5. Pazia literemshwe kweli kweli huku saa ikihesabu, pasiwe na mtu chini yake. Kisha lirudishwe juu, na matokeo yaandikwe kitabuni.

Kurekebisha vyuma na breki ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Si mchezo wa kupanda juu na spana.

Pengine utauliza, haya yatufaa nini sisi wa Kianjai tunaoigiza katika ukumbi ule ule wa mikutano, na pazia letu ni shuka mbili? Yanatufaa sana. Mwezi Machi 2001, wanafunzi 67 wa shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, waliangamia bwenini usiku. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka wa 2008 serikali ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Chicago na Machakos ni mbali na mbali, lakini somo ni lile lile: mlango usiofunguka ni ukuta.

Hivyo basi, kabla ya kila mchezo, chama chetu kiteue watu wawili. Wafungue kila mlango kwa mikono yao, wasitosheke kuutazama. Waondoe viti vilivyoziba njia. Watazame mtungi wa kuzimia moto: pini iwepo, mshale wa geji uwe kwenye kijani. Mishumaa na koroboi zikae mbali na zile shuka. Kisha wawaeleze watazamaji njia za kutokea kabla mchezo haujaanza.

Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Shime, wenzangu! Nanyi walimu wetu, mtuunge mkono. Tahadhari kabla ya hatari.