Kutoka Nyeri Kushuka Mwea: Joto Huzoeleka Upesi, Mengine Hukawia

Mji wa Nyeri umejulikana tangu zamani kwa baridi yake njema. Mwaka 1938 Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, aliyekwisha kuzunguka nchi nyingi za dunia, aliuchagua kuwa makao yake ya uzeeni. Alifariki huko Januari 1941, na kaburi lake liko hapo hata leo. Lakini iko safari nyingine iendayo kinyume cha hiyo, isiyosimuliwa sana ingawa iliwahusu maelfu ya watu: safari ya wenyeji wa miteremko ya Mlima Kenya walioacha ukungu wa kwao, wakashuka kuishi katika uwanda wa Mwea, penye jua kali, mbu na mpunga.

Safari yenyewe si ndefu. Msafiri huondoka Nyeri, akapita Karatina na Sagana, akafika Makutano, kisha akageuka kushika barabara ya Embu mpaka Wang'uru. Asubuhi huwa amevaa koti, na kabla ya adhuhuri amelivua analibeba mkononi. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Mwea karibu mita 1,150. Kwa kuwa joto huongezeka kwa digrii sita hivi kila mtu ashukapo mita 1,000, tofauti ya mahali hapa pawili ni kama digrii nne tu. Mtu aweza kucheka akiambiwa kuwa digrii nne zatosha kubadili maisha ya jamaa nzima. Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Mambo matatu humbadilikia ahamiaye nchi ya joto: mwili wake, damu yake, na desturi za nyumba yake. Nayo hayaendi kwa mwendo mmoja. Mwili huzoea joto kwa muda wa majuma mawili. Damu huhitaji miaka. Na desturi zaweza kuchukua umri wa kizazi kizima. Waliopatwa na hasara kubwa mara nyingi ni wale waliodhani kuwa, maadamu jua halikuwasumbua tena, basi wamekwisha kuwa wenyeji.

WALIOSHUKA KWANZA

Uwanda wa Mwea zamani ulikuwa malisho ya ng'ombe na mbuzi, na watu walioishi humo walikuwa wachache. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na tangu mwaka 1954 kazi ya kuchimba mifereji ya kuleta maji ya mito ya Thiba na Nyamindi ilifanywa na mahabusu waliowekwa katika makambi ya huko. Hao hawakuja kwa hiari yao. Yaliyotendeka katika baadhi ya makambi hayo yalikuwa mabaya, na Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilitamka mbele ya Bunge lake masikitiko kwa mateso waliyotendewa Wakenya katika miaka hiyo.

Mifereji ilipokuwa tayari, familia zisizokuwa na ardhi zilianza kupewa mashamba mwishoni mwa miaka ya 1950. Wengi walitoka sehemu za karibu za Ndia na Gichugu, na wengine walitoka Nyeri na wilaya nyingine za milimani. Kila mkulima aliandikishwa kwa eka nne za majaruba, akapewa mahali pa kujenga kijijini. Mtu aliyezoea kulima viazi na maharagwe kwenye mteremko mkali wenye udongo mwekundu alijikuta amesimama ndani ya maji, katika udongo mweusi unaonata miguuni kama gundi, hana mti wa kumpa kivuli. Wahenga walisema kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mwea ilimtaka mgeni ajifunze karibu kila kitu upya.

MWILI

Katika siku za kwanza mgeni huona kichwa kinamgonga, miguu inamlegea, na kazi aliyoimaliza kwao kwa saa moja yamchukua saa mbili. Si uvivu. Moyo hupiga mbio kwa kuwa unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili ipoe, na huku maji ya mwili yanapungua kwa jasho. Akiendelea kufanya kazi kidogo kidogo kila siku, mwili hujirekebisha: maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, na chumvi inayopotea pamoja na jasho hilo hupungua. Baada ya siku kumi mpaka kumi na nne mtu mwenye afya huwa amepata nguvu zake karibu zote.

Ajuaye hayo hatajishindanisha na wenyeji siku ya kwanza. Ataanza kazi alfajiri, apumzike jua linapokuwa utosini, kisha arudi shambani alasiri. Atakunywa maji kabla ya kushikwa na kiu, kwa maana kiu huchelewa kutoa habari. Watoto wachanga na wazee huangaliwa zaidi, kwa sababu miili yao haijipoezi vizuri kama ya vijana.

Nyumba nayo yataka kufikiriwa. Nyumba ya milimani hujengwa ili ishike joto: madirisha yake ni madogo, na moto huwashwa ndani. Nyumba ya namna hiyo ikijengwa Mwea na kuezekwa mabati bila dari, mchana huwa tanuri. Walioishi huko muda mrefu wamejifunza kupika nje au katika jiko la pembeni, kufungua madirisha pande mbili ili upepo upite, na kupanda miembe na miarobaini karibu na ua. Hata ng'ombe hujua tofauti. Ng'ombe wa kizungu atoaye maziwa mengi Othaya au Mukurweini hupunguza maziwa katika joto asipopewa kivuli na maji ya kutosha.

DAMU

Hapa ndipo digrii nne zinapoonyesha ukali wake. Mbu waweza kuonekana hata mahali penye baridi, lakini vijidudu vya malaria vinahitaji joto ili vikomae ndani ya mwili wa mbu. Joto likishuka chini ya digrii 18 hivi, vile vya aina iliyo hatari zaidi hukua polepole mno, au havikui kabisa, na mbu hufa kabla ya kuweza kuambukiza mtu. Kwa sababu hiyo watu wa Nyeri hukua bila kuijua malaria, na damu yao haina silaha ya kupigana nayo. Mwea joto latosha, na maji yaliyotuama katika majaruba ni kitalu cha mbu kama kilivyo kitalu cha mpunga.

Mtu aliyezaliwa penye malaria na kuugua mara nyingi utotoni hupata kinga fulani, ambayo haimzuii kuumwa lakini humwokoa asife upesi. Mtu mzima atokaye mlimani hana kinga hiyo. Mbele ya ugonjwa huu yeye ni kama mtoto mchanga. Tena kinga yenyewe si mali ya kudumu. Kijana wa Mwea aliyekwenda kusoma Nyeri miaka kadhaa, akirudi nyumbani, aweza kushikwa na homa kali kama mgeni. Vivyo hivyo mjukuu aliyekuja kumtembelea nyanya yake kwa likizo ya Desemba: hupelekwa kwao akiwa mzima, na baada ya majuma mawili huanza kutetemeka. Wazazi wakidhani ni mafua ya baridi, siku zenye thamani hupotea. Homa yoyote impatayo mtu aliyetoka uwandani ni lazima ipimwe damu siku ile ile, na daktari aambiwe mgonjwa alikuwa wapi.

Dawa nazo zimebadilika. Klorokwini, iliyotegemewa kwa miaka mingi, iliachwa Kenya mwaka 1998 kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea. Siku hizi hutumiwa dawa mseto, na hazifai kununuliwa kwa kubahatisha wala kuachwa katikati homa ipoapo. Wenye mimba na watoto walio chini ya miaka mitano ndio walio katika hatari kubwa kupita wote.

Jambo moja la kustaajabisha liligunduliwa Mwea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliona kuwa vijiji vilivyozungukwa na majaruba vilikuwa na mbu wengi kuliko vijiji visivyo na mifereji, lakini wagonjwa wa malaria humo walikuwa wachache zaidi. Sababu mojawapo waliyoitaja ni kuwa mbu wa huko walifyonza sana damu ya ng'ombe; na matumizi ya chandarua nayo yalisaidia. Basi, hata penye mbu wengi watu waweza kuishi kwa afya.

Maji ya mfereji yana adui mwingine: kichocho cha tumbo, kinachotokana na vijidudu vitokavyo kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu. Mtoto wa mlimani aliyezoea kuogelea katika kijito cha maji baridi hawezi kujua kuwa maji ya vuguvugu ya mfereji si rafiki yake, mpaka aambiwe. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na choo kitumiwe na watu wote, wakubwa kwa wadogo.

JIKONI

Mambo ya mwili na damu hushughulikiwa na daktari; ya jikoni yaliachiwa akina mama. Mwaka 1973 kilichapishwa kitabu cha utafiti juu ya Mwea, kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris, na ndani yake Jane Hanger na Moris walieleza habari za wanawake. Mke aliyekuja na mumewe alipandikiza mpunga, akapalilia, akaamia ndege na kuvuna, lakini malipo yalikwenda kwa mume aliyeandikishwa. Kwao alikuwa na shamba lake la mahindi na maharagwe, na kuni alizikata mwenyewe. Mwea nafasi ya bustani ilikuwa ndogo, na kuni zilikuwa adimu hata zikanunuliwa kwa fedha. Chakula chenyewe kilikuwa kigeni. Mlaji wa githeri na irio aliuona wali kuwa chakula cha kuuza au cha sikukuu, si cha kumshibisha mtu atokaye shambani. Baadhi ya wake walikataa kuishi huko, na wengine walirudi makwao.

Hakuna joto lililowafukuza hao. Waliondoshwa na nyumba isiyokuwa na mapato mkononi mwa mama, wala mboga uani. Jambo hili lastahili kukumbukwa na kila mume ahamishaye jamaa yake: asiulize tu kama shamba lina maji, aulize pia mkewe atapika nini, kwa kuni gani, na kwa fedha za nani.

ARDHI NA MOYO

Kulikuwa na sababu nyingine iliyowafanya wengi wakae kama wageni. Mkulima alilima kwa leseni, si kwa hati ya kumiliki, na aliyevunja masharti aliweza kuondolewa. Mwaka 1966 usimamizi ulitiwa mikononi mwa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, na masharti hayo yakaendelea. Mtu asiye na hakika ya kesho hapandi mwembe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima waligoma kuipelekea Bodi mpunga wao, wakaanza kuuza wenyewe, na tangu hapo mambo mengi yalibadilika.

Leo mchele wa Mwea, uitwao pishori, unatafutwa Nairobi, Karatina na Nyeri kwenyewe, na harufu yake jikoni yajulisha jirani kuwa kuna wageni. Bwawa la Thiba, lililokamilika mwaka 2022, limeongeza maji ya mashamba. Watoto wa wale waliouona wali kuwa chakula cha kigeni hujiita watu wa Mwea bila kusita, na wakipanda kwenda Nyeri mwezi wa Julai, wao ndio watetemekao.

Safari hii haijakoma. Kila mwaka walimu, makarani na askari wa Nyeri, Karatina na Nanyuki huhamishiwa Isiolo, Garissa au pwani, na wasichana huolewa uwandani. Yafaa kila mmoja wao ajipe majuma mawili ya kazi nyepesi, asiyaonee haya. Amwulize mwenyeji maji mema yachotwa wapi, na soko la mboga li siku gani. Nyumba mpya ikiwa bado haina meza wala viti, chandarua kiwe kimekwisha kutundikwa kabla ya jua kuchwa siku ya kwanza.