Umenunua Prado ya gesi kutoka Dar? Haya ndiyo ya kuangalia ukiwa Arusha

Arusha. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi ya Julai, Ngaramtoni kuna ukungu na Mlima Meru hauonekani kabisa. Watoto wamevaa sweta juu ya sare, mikoba iko mgongoni, na baba anawasha gari kwa mara ya tatu. Linawaka, linatetemeka, linazima.

Hii ni picha ambayo wazazi wengi wenye magari ya zamani wanaifahamu. Chukua mfano wa familia iliyonunua Toyota Prado kutoka Dar es Salaam, yale matoleo ya 1996 hadi 2002, yenye injini ya petroli ya V6, cc 3,400. Bei ilikuwa ya kuvutia, na muuzaji alisisitiza jambo moja: gari limefungwa mfumo wa gesi. Pembeni mwa usukani kuna kitufe chenye vitaa vya kijani. Nyuma, palipokuwa na viti vya safu ya tatu, kumelala mtungi wa chuma.

Baba alipiga hesabu ya mafuta akatabasamu. Mama aliutazama mtungi akauliza watoto wa dada yake watakaa wapi wakija likizo, na kama ni salama wanaye kukaa mbele ya kitu kile.

Maswali yote mawili yana maana. La baba lina majibu mepesi, na si mazuri sana.

Gesi inaishia Chalinze

Prado ya aina hiyo kwenye foleni za mjini hutembea takriban kilomita saba kwa lita moja. Familia inayotembea kilomita 50 kwa siku, kupeleka watoto shule, kazini, sokoni Kilombero na kurudi, inamaliza lita saba. Petroli ikiwa Sh3,000 kwa lita, ni Sh21,000 kwa siku.

Kilo moja ya gesi asilia iliyoshindiliwa ina nguvu ya karibu lita moja na nusu ya petroli, na Dar es Salaam imekuwa ikiuzwa takriban Sh1,550. Kilomita hizohizo 50 zingehitaji kilo tano, yaani Sh7,750. Kwa siku 20 za shule, tofauti inazidi Sh260,000. Ndiyo maana teksi na bajaji nyingi za Dar es Salaam zimebadilishwa, na ndiyo maana wenye magari hukubali kulipa Sh1.5 milioni hadi zaidi ya Sh2 milioni kufunga mfumo huo.

Lakini gesi hiyo inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, kusini. Ya Songo Songo ilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara lilikamilika mwaka 2015. Mabomba yote mawili yanaishia Dar es Salaam. Hakuna bomba linalopanda kuja Kaskazini, na vituo vingi vya kujazia viko Dar es Salaam.

Mtungi wa lita 60, ambao ni wa kawaida kwenye magari madogo, unabeba kilo 10 au 11 tu. Kwa injini ya V6 ni kilomita 100 na ushee. Ukijaza Dar es Salaam na kushika barabara ya Arusha, gesi inaisha karibu na Chalinze. Segera, Korogwe, Same, Moshi mpaka nyumbani unatembelea petroli, huku umebeba chuma cha kilo 60 kisicho na kazi.

Kwa hiyo familia ya Ngaramtoni imenunua gari la petroli. Kama safari za Dar es Salaam ni mbili kwa mwaka, uamuzi wa busara ni kumwita fundi wa gesi, mtungi utolewe gesi na kufunguliwa, uhifadhiwe vizuri pamoja na hati zake, na viti vya nyuma virudi. Mfumo una thamani. Siku ya kuliuza gari kwa mtu wa Dar es Salaam utarudisha hela. Lakini wako wenye kuishi miji miwili, au wenye biashara inayowapeleka Dar es Salaam kila wiki, na hao wana sababu ya kuuacha.

Mtungi wa jikoni haufai

Hapa ndipo hatari kubwa inapoanzia. Mtu akishaona gari lina mfumo wa gesi na gesi haipatikani Arusha, huja wazo la kutumia ile ya kupikia, kwani mitungi yake imejaa kila duka kuanzia Sakina hadi Usa River. Atatokea fundi wa kumwambia inawezekana.

Hizi ni gesi mbili tofauti. Gesi asilia ya magari hukaa kwenye mtungi mzito kwa mgandamizo wa bar 200. Gesi ya kupikia hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo, chini ya bar 10. Regyuleta, mipira na mitungi yake haibadilishani. Gesi asilia ikivuja ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kutawanyika. Ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Hushuka na kutulia sakafuni, chini ya viti, kwenye mashimo ya milango, ikisubiri cheche moja ya swichi.

Yapo magari duniani yanayotembelea gesi ya kimiminika, na yanatembea vizuri. Lakini tenki lake limetengenezwa kwa kazi hiyo: limefungwa kwenye bodi, lina kifaa cha kuzuia lisijae zaidi ya asilimia 80 ili gesi ipate nafasi ya kutanuka kwenye joto, lina valvu inayojifunga mpira ukikatika, na linatoa kimiminika kutoka chini. Mtungi wa jikoni hauna mambo hayo. Umetengenezwa kusimama wima na kutoa mvuke juu. Wanaoulaza au kuupindua ndani ya buti ili utoe kimiminika wanaweka jiko lisilo na mlinzi nyuma ya vichwa vya watoto.

Fundi akikwambia ameshafunga magari kumi hivyo na hakuna lililoungua, mshukuru, chukua ufunguo wako.

Injini ikinyamaza, usifurahi

Kwa wanaobaki na gesi, gari la zamani linahitaji uangalizi wa aina yake. Kwanza plagi. Gesi ni ngumu kuwaka kuliko petroli, hivyo plagi iliyochoka, ambayo kwenye petroli bado ingevumilia, kwenye gesi inamisi. Waya za plagi zilizopasuka nazo ni hivyohivyo. Mafundi wa gesi hupunguza kidogo nafasi ya plagi ili cheche iruke kwa urahisi. Kwenye mifumo ya zamani inayochanganya gesi na hewa mdomoni mwa injini, kumisi kunaweza kurudisha moto nyuma na kupasua boksi la chujio la hewa. Ukisikia mlio kama wa fataki chini ya boneti, rudi kwenye petroli na uende gereji.

Asubuhi za baridi, gari liwashwe kwa petroli. Mifumo ya kisasa hufanya hivyo yenyewe na kuhamia gesi injini ikipata joto. Sababu ni kwamba gesi ikishuka kutoka bar 200 inapoa sana, na regyuleta inapashwa joto na maji ya rejeta. Maji yakipungua, regyuleta inaweza kuganda barafu na gari likakuzimia barabarani. Rejeta ya gari la gesi iwekwe kulanti, si maji ya mto yanayoleta kutu.

Na kwenye tenki la petroli pasikauke. Pampu nyingi za mafuta zimo ndani ya tenki na zinapozwa na petroli yenyewe. Anayetembea na taa ya mafuta ikiwaka kwa kuwa anatumia gesi ataiunguza. Robo tenki ibaki muda wote, na mara moja kwa wiki gari litembee kwa petroli kilomita kadhaa ili nozeli zisizibe.

Jambo linalowaponza wengi ni valvu. Petroli na viongezo vyake huacha ulainifu kidogo pale valvu inapokalia. Gesi ni kavu. Kwenye injini za zamani valvu za kutolea moshi huanza kuzama taratibu kwenye kiti chake. Zikizama, nafasi ya tapeti inazidi kubana. Ule mlio wa "tiki tiki" wa injini kuukuu unapungua, na mwenye gari anafurahi kwamba injini imetulia. Kumbe valvu haifungi tena sawasawa, moto unapita pembeni, na mwishowe inaungua. Dalili inayofuata ni asubuhi kama ile ya Ngaramtoni: gari linawaka kwa shida, linatetemeka likiwa baridi, halivuti mlima.

Kwenye Prado ya V6 tapeti hupimwa kwa geji na kurekebishwa kwa kubadilisha vidonge vya chuma vya unene tofauti, kazi inayotaka fundi mvumilivu. Ni ya siku moja. Silinda hedi iliyoungua valvu ni kazi ya wiki, na watoto wanapanda bodaboda.

Oili nayo hudanganya. Kwenye gesi haiwi nyeusi haraka, kwa sababu gesi huungua bila masizi mengi, hivyo mtu anachomoa kijiti, anaona rangi ya asali, anaahirisha. Rangi haisemi umri wa oili. Ibadilishwe kwa kilomita zilezile.

Na kabla hujamlaumu fundi kuwa gari limekosa nguvu, kumbuka ulipo. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyembamba na injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake ikilinganishwa na Dar es Salaam. Gesi nayo hupunguza karibu asilimia 10 nyingine. Kilima cha Ilboru kitakukumbusha hayo ukiwa na abiria sita.

Wenye Land Cruiser na Land Rover za dizeli, ambazo ndizo nyingi Arusha, wasikimbilie gesi kabisa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Kuibadilisha itumie gesi pekee ni kuijenga upya. Kwa magari ya safari, hapa Arusha njia iliyofuatwa na baadhi ya kampuni tangu 2018 ni kutoa dizeli na kuweka mota za umeme, lakini gharama yake si ya mfuko wa mzazi wa kawaida.

Mashimo na moto wa kuchomelea

Barabara za vumbi za Ngare Nanyuki, mawe ya Oldonyo Sambu na matope ya masika hulegeza kila bolti. Kila mwezi shika mtungi kwa mikono miwili utikise: ukicheza hata kidogo, mikanda ikazwe. Angalia bomba la gesi linalopita chini ya gari, kama halisuguani na chesisi wala halijagongwa na mawe. Viungio vipakwe povu la sabuni ya kuoshea vyombo; povu likivimba, funga valvu ya mtungi, fungua milango, tembelea petroli hadi kwa fundi. Gesi imewekwa harufu makusudi. Mtoto akisema "baba, kunanuka", simamisha gari, usimwambie ni pancha ya pua.

Uzito wa mtungi hulaza springi za nyuma. Gari likiinua pua, taa zinawapiga wenzako machoni usiku, na breki zinabadilika. Springi zikaguliwe pamoja na shokapu.

Gari kuukuu lazima siku moja litapelekwa kuchomelewa, chesisi au sakafu iliyooza. Fundi wa kuchomelea huko Unga Limited hana namna ya kujua kuna nini chini ya zulia la buti. Mwambie kabla hajawasha mashine. Kama kazi iko karibu na mtungi au bomba, mtungi utoke nje ya gari, na betri ichomolewe ili kompyuta ya injini isiungue.

Kwa anayetaka kununua, kazi ya kwanza ni kusoma mtungi wenyewe. Umegongwa namba, mwaka wa kutengenezwa na tarehe ya kupimwa mgandamizo. Tarehe ikiwa imepita, haujazwi mpaka upimwe. Muuzaji atoe hati ya karakana iliyofunga mfumo. Dar es Salaam zipo zinazotambulika, ikiwamo ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT). Kampuni ya bima nayo ielezwe kwamba gari lina gesi, kwa maandishi.

Muuzaji asipokuwa na hati, gharama ya kuutoa mtungi na kurudisha viti vya nyuma ipunguzwe kwenye bei kabla hamjaandikishana.