Anaporudia Swali Lako

Mama anamuuliza mwanawe mwenye usonji, "Unataka maji?" Mtoto anajibu, "Unataka maji." Aliyekaa pembeni anasema huyu hajaelewa, anaiga tu kama kasuku. Lakini mtazame mtoto mwenyewe: mkono umeshafika kwenye kikombe. Amekubali, kwa sentensi aliyopewa.

Marudio haya huitwa ekolalia. Kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa maneno matupu, na matibabu yakawa kuyakomesha. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani, Barry Prizant na Judith Duchan, waliwachunguza kwa makini watoto wanne wenye usonji wakabaini kwamba marudio yana kazi. Mtoto hurudia ili kukubali, kuomba, kushika zamu yake katika mazungumzo, au kulitafakari swali kabla hajalijibu. Mengine hutokea siku nyingi baadaye. Aliyebembelezwa "pole, sindano imekwisha" anaweza kuyatamka maneno hayohayo kila anapoogopa, hata kama sindano haipo. Hapo jibu hofu yake, sindano iache.

Kwa hiyo usimnyime mtoto maji mpaka aseme "ndiyo". Mpe, na wakati unampa sema kwa nafsi yake: "Nataka maji." Wengi wao huokota sentensi nzima nzima, basi mwachie ile itakayomfaa kesho. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi ikibidi. Tunapoona kimya tunakimbilia kuuliza upya kwa maneno mengine, na mtoto aliyekuwa bado analishughulikia swali la kwanza sasa anayo mawili.

Wapo wasiosema kabisa, wakatumia picha, ishara au tableti. Wazazi wengi huniuliza kama picha zitamfanya mtoto azembee kuongea. Tafiti haziungi mkono hofu hiyo, nami nawasihi wasisubiri: mtoto anayeweza kuonyesha kwamba tumbo linamuuma ameshaepushwa na mateso mengi.

Kwa watu wazima, kosa letu kubwa ni kudhani kwamba kutoelewana kunatoka upande mmoja. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba pengo ni la pande zote mbili. Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh wakachapisha jaribio la hadithi iliyopokezanwa na watu wanane, mmoja baada ya mwingine. Wenye usonji watupu waliifikisha vizuri sawa na wasio nao. Hadithi ilipotea zaidi makundi yalipochanganywa.

Sasa tujisikilize sisi tunaosema "nakuja" huku tunaondoka, na "sasa hivi" tukimaanisha jioni. Anayechukua neno kama lilivyo ana haki ya kuchanganyikiwa. Mwambie saa. Mwambie pia mpango ukibadilika, kabla haujabadilika. Na usimwamuru akutazame machoni. Wengi wanasema kwamba wakilazimishwa kutazama, masikio hayapokei tena. Ajabu ni kwamba kijana mwingine akiinamisha macho mbele ya mkubwa tunamsifu kwa adabu.

Mtu mwenye usonji akifika kliniki na dada yake, usimuulize dada, "Anaumwa nini?" huku mwenyewe yupo. Muulize yeye, swali moja fupi, kisha ungoje. Kama jibu litakuja kwa maandishi au kwa kuonyesha kidole, lipokee.