Kwa Nini Korodani Zikae Nje ya Mwili

Mfumo wa uzazi wa mwanamume una viungo viwili tu vinavyoonekana kwa nje, yaani uume na mfuko wa ngozi unaobeba korodani, ilhali mirija na tezi zinazokamilisha kazi yake zimo ndani ya nyonga. Umbo la mfumo huo, pamoja na baadhi ya maradhi yake yanayofahamika sana katika mwambao wa Afrika Mashariki, hutokana kwa kiasi kikubwa na jambo moja: korodani haziwezi kutengeneza mbegu ipasavyo katika joto la kawaida la mwili, ambalo ni takriban nyuzi 37 za Selsiasi.

Mbegu huhitaji joto lililo pungufu kwa nyuzi 2 hadi 4, na mfuko wa korodani umeumbwa kulinda kiwango hicho. Ngozi yake ni nyembamba na haina tabaka la mafuta, na chini yake mna misuli ambayo wakati wa baridi hujikunja na kuzivuta korodani karibu na mwili, na wakati wa joto hulegea zikaning'inia. Isitoshe, ateri inayoteremsha damu yenye joto kutoka tumboni imezungukwa na wavu wa vena zinazopandisha damu iliyokwisha kupoa, hivyo damu inayoshuka hupoteza sehemu ya joto lake kabla ya kufika.

Ndani ya kila korodani mna vijimirija vilivyojikunjakunja ambavyo, kama vingenyooshwa na kuungwa, vingefikia urefu wa mamia ya mita. Katika kuta zake seli hugawanyika na kubadilika hadi kuwa mbegu, kazi inayochukua takriban siku 70, huku seli nyingine zilizo kati ya vijimirija hivyo zikitengeneza testosteroni, homoni inayoleta ndevu na sauti nzito wakati wa balehe, na ambayo isipokuwapo mbegu hazikomai. Mbegu zikitoka hapo huwa bado hazijui kuogelea. Hupita kwanza katika epididimisi, mrija mmoja wenye urefu wa takriban mita 6 uliokunjamana nyuma ya korodani, na humo ndimo zinamopata nguvu ya kwenda na kurutubisha yai. Kwa kuwa joto huvuruga utengenezaji wa mbegu, na safari hiyo yote huchukua muda mrefu, mwanamume aliyeugua homa kali, kwa mfano ya malaria, anaweza kupona kabisa na bado idadi ya mbegu zake ikashuka wiki kadhaa baadaye, kisha ikarejea.

Ingawa uume uko karibu, njia ya mbegu haiendi huko moja kwa moja, kwani mrija wa mbegu hupanda kupitia kinena, huingia nyonga, huzunguka nyuma ya kibofu cha mkojo, ndipo hupenya tezi dume na kuungana na mrija wa mkojo. Njiani, vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu huongeza majimaji yenye sukari ya fruktosi inayozipa mbegu nguvu, na majimaji hayo ndiyo zaidi ya nusu ya shahawa. Sehemu kubwa ya kinachobaki hutoka katika tezi dume, na mbegu zenyewe hazifiki hata sehemu moja ya kumi. Kwa kuwa tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo, inapokua uzeeni huweza kuubana, mkojo ukatoka kwa kusitasita na mzee akaamka mara kwa mara usiku.

Mzunguko huo mrefu ulianza tumboni mwa mama, ambamo korodani huumbika karibu na figo, kisha huteremka hadi mfukoni zikiburura mrija na mishipa yake, pamoja na sehemu ya utando wa tumbo. Njia hiyo isipoziba vizuri, utumbo huweza kuifuata, na hiyo ndiyo ngiri ya kinena. Utando uliobaki kuizunguka korodani ukijaa maji, hilo ni busha. Katika mwambao, mabusha mengi yametokana na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu na kuishi katika mirija ya limfu, wala hayaletwi na madafu kama inavyosemwa vijiweni, na busha lililokwisha kuwa kubwa huondolewa kwa upasuaji.

Ujuzi huu una faida hata nyumbani. Mzazi anayemwogesha mtoto wa kiume anapaswa kuzihisi korodani zote mbili mfukoni, kwa sababu isiyoshuka hadi miezi 6 huhitaji daktari, nayo ikiachwa huongeza hatari ya utasa na saratani. Vilevile, kijana anayepatwa ghafla na maumivu makali ya korodani moja apelekwe hospitali papo hapo, kwani huenda korodani imejisokota na kujikatia damu, na nafasi ya kuiokoa hupungua sana baada ya saa 6.